Nataka maandishi kama ya mkono kwenye bango na menyu ya mgahawa, nitumie fonti gani isionekane ya kitoto?

chapati_moto:
Wakuu habari za jioni. Naandika haraka maana simu ina asilimia 11 na umeme umekatika.

Nina kimgahawa changu hapa Morogoro, asubuhi supu na chapati, mchana wali maharage, na pembeni nauza pilipili ya kusaga anayotengeneza mama, ya kwenye vichupa. Mwezi uliopita nikasema na mimi nijitutumue, niwe na menyu ya ukutani ya maana. Nikaenda steshenari, kijana akaniuliza unataka maandishi gani, nikamwambia nataka yaonekane kama mtu kaandika kwa mkono, yawe na uchangamfu, yasiwe kama tangazo la serikali ya mtaa. Akafungua Word akaweka Comic Sans kuanzia juu mpaka chini, akatia nyekundu na njano, tukaprinti, nikalipa, nikabandika. Mimi niliipenda kwa kweli. Sasa mdogo wangu anayesoma Dar kaja wikiendi, kuiona tu akacheka mpaka akatafuta kiti, ananiambia "dada hii ni menyu au kadi ya bethdei ya mtoto wa miaka minne?" Tangu siku hiyo kila nikiiangalia naona keki na maputo.

Nikajaribu mwenyewe kushusha fonti nyingine mtandaoni, nzuri hiyo, imelala kama ya kadi za harusi, lakini nikiandika "Supu ya ng'ombe 3,000/=" kile kialama cha ng' kinatoka kiboksi na bei yote haionekani, viboksi vitupu. Simu mbovu, fonti mbovu au mimi ndo mbovu?

Nisaidieni, nataka kutengeneza upya menyu, bango la nje na lebo za pilipili. Hela ni ya mawazo so msinitajie vitu vya dola mia.

mkorofi_wa_mtaa:
Weka picha ya hiyo menyu tuione. Bila picha hizi ni hadithi tu.

chapati_moto:
Umeme ukirudi nitaweka kaka.

nukta_na_mkato:
Dada pole, ila usimlaumu sana yule kijana, kakupa ulichoomba. Comic Sans NI fonti ya mwandiko wa mkono, tena ilizaliwa kwa kazi maalum kabisa, shida ni kwamba ilitoka nyumbani kwao ikaanza kuzurura kila mahali.

Ngoja nikupe stori yake maana wengi wanaicheka hawaijui. Mwaka 1994 pale Microsoft kulikuwa na jamaa anaitwa Vincent Connare, kazi yake herufi. Kuna programu walikuwa wanaitengeneza inaitwa Microsoft Bob, ya kuwasaidia watu wasioijua kompyuta, ndani yake kuna kimbwa cha katuni kinaitwa Rover kinakuelekeza cha kufanya. Kimbwa kikiongea maneno yanatokea kwenye kipovu kama cha katuni, lakini hayo maneno yameandikwa kwa Times New Roman! Sasa Times New Roman ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, ikaanza kutumika 1932. Jamaa akaona hii haiwezekani, mbwa hawezi kubweka kwa sauti ya mhariri wa gazeti. Akachukua vitabu vya katuni alivyokuwa navyo ofisini, akaangalia yale maandishi ya kwenye vipovu yalivyo, akaanza kuchora herufi zake kwa mausi kwenye skrini.

Kichekesho ni kwamba haikuwahi hata kuingia kwenye hiyo Bob, ilichelewa na pia ni pana kuliko Times kwa hiyo maneno yalikuwa hayaenei kwenye vipovu. Ikapachikwa kwenye programu nyingine ya watoto ya kutengeneza filamu za katuni, halafu ikaja na ule mzigo wa nyongeza wa Windows 95, na baada ya hapo karibu kila kompyuta ikawa nayo. Ndo ukaanza kuiona kwenye matangazo ya msiba, barua za mahakama, "usikojoe hapa". Mpaka wanasayansi wa CERN kule Uswisi, tarehe 4 Julai 2012 wanatangaza kile chembe cha Higgs walichokitafuta miaka na miaka, mama Fabiola Gianotti akasimama na slaidi zake za Comic Sans, na mtandaoni nusu ya watu wakasahau fizikia wakaanza kugombana kuhusu fonti.

So nikirudi kwako. Fonti ya mwandiko ni sauti ya mtu anayeongea. Mahali ambapo wewe unaongea na mteja, mfano "Karibu mezani", "Pilipili ya Mama", "Leo kuna maini", hapo inakaa vizuri. Mahali ambapo mteja anatafuta kitu, kama orodha ya vyakula ishirini na bei, tumia herufi za kawaida zilizonyooka, kwa sababu mtu mwenye njaa hataki kuongeleshwa, anataka kujua chapati ni shingapi. Kosa la menyu yako (bila hata kuiona) ni kwamba kila kitu kinaongea kwa pamoja na kwa sauti ileile, kichwa, chakula, bei, namba ya simu. Ukibadilisha fonti ukaacha hilo, utapata kadi ya bethdei nyingine tu.

Kuhusu viboksi, wewe si mbovu. Fonti nyingi za bure ni za kuonjeshwa, mtengenezaji anaweka a mpaka z halafu tarakimu, koma, alama ya sawasawa na kile kialama cha ng' anavifungia mpaka ununue. Mwingine wala hajakusudia, hajui tu kwamba kuna watu wanaandika ng' kila siku au wanaandika bei na /= nyuma. Mimi kabla sijaipenda fonti yoyote naiandikia sentensi moja: "Ng'ombe, ng'onda, maandazi 500/= na juisi 1,500/=". Ikipita hapo ndo naanza kuiangalia sura.

mwl_wa_awali:
Mimi niseme kitu kabla Comic Sans haijazikwa hapa. Nafundisha darasa la awali na kadi zangu zote za ukutani ni Comic Sans na sitaacha. Sababu ni herufi a. Chukueni gazeti lolote muangalie a yake, ina kile kikofia juu kama imejikunja, sasa mtoto wa miaka mitano nimemfundisha a ni duara na kijiti pembeni, nikimwonyesha ile ya gazeti ananiambia "mwalimu hiyo siijui". Comic Sans ina a ya daftarini. Na g yake pia ni ya daftarini. Kiswahili hiki kina a kila kona, mtoto akishindwa a kashindwa baba, mama, kaka, dada na bata kwa mpigo.

Na siyo mimi tu wa kijijini, hata chama cha disleksia cha Uingereza, disleksia ni ile hali ya mtu kupata shida kusoma japo akili anayo, kimeitaja Comic Sans pamoja na Arial kwenye fonti wanazoshauri, kwa sababu herufi hazibanani. Kwa hiyo mkicheka mcheke mkijua.

Dada chapati, kwa mgahawa lakini nakubaliana na mdogo wako 😂

nukta_na_mkato:
Mwalimu hapo nakuunga mkono asilimia zote, kwenye darasa la awali ipo nyumbani. Mimi ugomvi wangu ni ile ya kwenye barua ya kufukuzwa kazi.

fundi_stika:
Naongezea upande wa mashine maana watu wa dizaini wanachora tu sisi ndo tunateseka. Mimi nakata stika kwa plota. Mteja ananiletea fonti ya mwandiko ile nyembambaaa yenye kingo zimechakaa kama chaki au brashi kavu, kwenye skrini inapendeza kweli, lakini plota ni kisu dada, kinafuata kila kijikona, ile kingo iliyochakaa ni vijikona elfu, kisu kinachana stika badala ya kuikata na nikija kubandua yale mabaki naondoka na mkia wa y. Nilishakaa usiku kucha nabandua neno "Vipodozi" kwa sindano, asubuhi mteja ananiuliza mbona i moja haina nukta. Nukta ipo kwenye soli ya kiatu changu.

So kwa lebo za kuprinti kwenye karatasi tumia chochote. Kama ni stika ya kukata, kioo cha mlango au ubavu wa bajaji, chagua mwandiko mnene, kingo laini. Na saizi usikadirie kwa macho ukiwa umekaa mbele ya kompyuta, kanuni ya mafundi mabango ni herufi ya urefu wa sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Mtu yupo ng'ambo ya barabara mita 12 basi herufi isipungue sentimita 10. Hiyo ni kwa herufi za kawaida, za mwandiko mimi naongeza juu yake maana zinasomeka kwa shida zaidi.

Kingine, fonti zile zilizounganika kama hati ya kadi ya harusi USIANDIKE KWA HERUFI KUBWA TUPU. Zile herufi kubwa zilitengenezwa zisimame mwanzoni mwa neno moja moja, na mikia yake na madoido. Ukiandika CHAPATI zote kubwa inakuwa kama nyoka saba kwenye kikapu.

chapati_moto:
Mmenichekesha mpaka nimeunguza kitunguu. Umeme umerudi ila nimeshahama mada, nataka majina ya fonti sasa. Za bure, za kuuzia bila kudaiwa.

nukta_na_mkato:
Nenda Google Fonts, leseni za kule zinaruhusu biashara, huulizwi na mtu. Kwenye tovuti nyingine soma yale maandishi madogo, ikisema ni ya matumizi binafsi basi ni ya daftari lako siyo ya lebo ya kuuza.

Kwa sentensi fupi za kawaida jaribu Patrick Hand, ni mwandiko wa mtu nadhifu, haijifanyi, unaweza hata kuandikia maelezo ya nyuma ya chupa. Kama unataka iliyochangamka zaidi kuna Caveat. Pacifico imenenepa, kwa jina la duka inasimama vizuri ila imetumika mpaka imechoka, kila saluni na kila duka la keki wanayo. Permanent Marker ni kama umeandika kwa makapeni kwenye boksi, nzuri kwa "LEO KUNA", na hii ruksa herufi kubwa kwa sababu zake zote ni kubwa. Orodha ya bei weka Open Sans au hata Arial, hakuna dhambi.

Kuna kitu kuhusu Caveat hakisemwi sana na kwa Kiswahili ni muhimu kuliko kwa lugha nyingine. Fonti ya mwandiko inajisaliti pale herufi moja inaporudi. Mtu akiandika kwa mkono a zake hazifanani hata mbili, kompyuta inagonga a ileile kama muhuri. Mzungu anaandika neno lake hilo la a moja hashtukiwi. Wewe andika "Karibuni chapati na maharage ya nazi", hesabu, a tisa! Tisa pacha, zote zina kimkunjo kilekile mguuni, jicho linajua kuna kitu japo mtu hawezi kukwambia ni nini, anasema tu "inaonekana ya kompyuta". Maandazi ndo balaa, a mbili zimekaa bega kwa bega kama askari gwaride. Caveat imetengenezwa herufi zinabadilika kidogo kutegemea zimekaa wapi kwenye neno, kwa hiyo hizo a hazitoki pacha. Ila kwenye Word unaweza usilione hilo mpaka uliwashe, bonyeza Ctrl na D, fungua tabo ya pili, kule chini kuna kiboksi cha kuruhusu herufi zibadilike, weka tiki. Nimekaa miaka bila kukijua hicho kiboksi.

brashi_na_rangi:
Wanangu nawasoma tu. Mimi nipo Tanga, nimeandika mabango kwa mkono tangu enzi hakuna hizo mashine, maduka, magari, mitumbwi. Huyu kijana wa nukta kasema jambo la kweli kuhusu a, lakini kazunguka mbali kuitafuta. Nikiandika maharage mimi sichori a tatu, nachora a tatu tofauti, ya kwanza ina nafasi naiachia tumbo, ya tatu nikiona ukuta unaisha naibana kiuno. Hilo halina kiboksi cha tiki.

Binti, kwa bango la nje mtafute fundi wa brashi hapo Morogoro, wapo, usidhani wameisha. Akija muangalie anavyoanza. Anayejua kazi anapiga mistari ya chaki kwanza, anahesabu herufi za jina, anaitafuta ya katikati na kuanzia hapo kwenda pande zote mbili. Asiyejua anaanzia kushoto na uhakika mwingi, akifika kulia herufi mbili za mwisho zinapanda juu ya dirisha. Na rangi iwe ya mafuta, usikubali ya maji kwa sababu ni rahisi, mvua za masika zitakuachia "apati".

Unataka kitu kionekane kimeandikwa kwa mkono halafu unatafuta mashine ya kukifanya kionekane hivyo. Si kiandikwe kwa mkono tu.

chapati_moto:
Shikamoo mzee. Hili neno la mwisho limenikaa, sijui kwa nini sikuliwaza. Mama yangu ana mwandiko mzuri, alikuwa akiandikia watu barua zamani, na pilipili ni yake. Naweza kuchukua mwandiko wake nikauweka kwenye lebo?

brashi_na_rangi:
Marahaba mwanangu. Muulize kwanza kama anataka.

nukta_na_mkato:
Inawezekana na ni bure, na mzee kanishinda hapa nakubali. Mpe karatasi nyeupe isiyo na mistari na makapeni nyeusi, siyo peni ya wino, peni inatoa mstari mwembamba. Aandike jina mara kumi, kumi na tano, kwa ukubwa, bila kujikaza, zile za mwanzo zote zitakuwa za kujionyesha, nzuri inakujaga kuanzia ya saba hivi mkono ukishazoea. Piga picha mchana nje kwenye kivuli, simu iwe juu sawasawa na karatasi usiinamishe. Halafu kuna programu ya bure inaitwa Inkscape, unaingiza picha, kuna sehemu ya Trace Bitmap inaigeuza kuwa mchoro unaokuzwa hata ukubwa wa ukuta bila kuchakaa. Ukishapata hilo faili fundi stika anaweza hata kulikata.

Ukitaka mwandiko wa mama uwe fonti kabisa uweze kuuchapa, kuna tovuti inaitwa Calligraphr, unaprinti fomu yao, mama anajaza kila herufi kwenye kiboksi chake, unapiga picha unairudisha. Lakini kwa jina la chupa huna haja ya fonti, unahitaji neno moja tu.

fundi_stika:
Nalikata, ila makapeni iwe nene tafadhali. NENE.

chapati_moto:
Mrejesho wadau, wiki mbili zimepita. Menyu nimeibadilisha, juu "Karibu mezani" kwa Caveat na kile kiboksi nimekitiki, chini bei kwa Arial, na bei zote zimepangwa upande wa kulia tarakimu chini ya tarakimu. Kuna mzee huwa anakuja kila siku anauliza bei ya kila kitu halafu anaagiza chai, juzi hakuuliza. Kaagiza chai.

Lebo sasa. Mama alikataa siku tatu, anasema mwandiko wake umeharibika vidole vinauma. Ya nne akakaa kwenye mkeka akaandika "Pilipili ya Mama" mara kumi na mbili. Nilikuwa sijawahi kumwangalia anavyoandika. Haweki nukta mpaka amalize neno zima, Pilipili anaiandika yote kavu halafu anarudi na kuzidondosha nne haraka haraka kama anatia chumvi, na ile ya mwisho kila mara inaangukia nje kidogo, kulia kwa i yake. Kijana wa steshenari (yuleyule, nimemrudia, hana kosa) alipoifungua kwenye kompyuta akataka kuisogeza ile nukta ikae sawa. Nikamwambia aiache hapohapo, nikamshika na mkono kabisa.

Sasa tuna ugomvi mwingine nyumbani, mama anasema kama mwandiko ni wake basi jina lake kamili liandikwe na hela ya kila chupa ihesabiwe upya.

mwl_wa_awali:
Mama yupo sahihi kabisa 😂😂 mlipe.

mkorofi_wa_mtaa:
Picha?

chapati_moto:
Umeme umekatika.